Injini ya Elfu Tatu na Kiti cha Mama

Jumatatu, 3 Novemba

Bado niko uhamishoni, yaani nyumbani kwa wazazi wangu. Chuo kimenisimamisha masomo muhula mzima kwa kosa la kuongoza mgomo. Kwa usahihi: nilizuia lango la maktaba, nikiwa peke yangu, siku ambayo maktaba ilikuwa imefungwa. Historia itanihukumu kwa haki. Mama ameshanihukumu. Naosha vyombo.

Lakini leo umma umeniita tena! Umma ni Baba.

Baba ni mwalimu wa jiografia na anastaafu Ijumaa hii. Tangu ujana wake anapenda gari moja la spoti la zamani, la viti viwili, ambalo hajapata kuliona ila kwenye picha ya kalenda. Kwa kuwa gari lenyewe halipatikani, amejenga mfano wake katika gereji yetu. Chesesi imechomelewa na fundi wa mageti. Bodi ni ya faiba, imefinyangwa na fundi wa matangi ya maji. Jekundu. Zuri mno. Shemeji, mume wa dada yangu, wakala wa bima na adui wa maendeleo, huliita tangi lenye taa.

Kiti kimoja ni cha Baba. Kingine ni cha Mama, na Mama amekishona mwenyewe, ngozi bandia nyeusi kwa uzi mwekundu. Kabla hawajaoana, Baba alimwahidi kwamba siku moja atampakia kando yake katika gari kama lile la kalenda, na watu watazame. Siku hiyo ni Ijumaa. Wataingia nalo shuleni kwenye sherehe ya kumuaga Baba. Mama anajifanya hajali. Nimemwona akijaribu kitambaa cha kichwa mbele ya kioo mara nyingi kuliko mtu asiyejali.

Kinachokosekana ni injini. Mwenye yadi ya vyuma chakavu ameshaelewana na Baba: tuchukue yoyote tutakayoiona inafaa. Baba mwenyewe amezama katika mitihani ya mwisho ya maisha yake. Akaniambia, bila kuinua macho, nilisimamie jambo hilo na fundi. Akaongeza kwamba iwe ndogo tu, mradi itufikishe.

Sentensi ya kwanza nimeipokea kama agizo. Ya pili nimeipokea kama maoni ya mdau.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeitisha Mkutano Mkuu wa Injini, ndani ya gereji. Asubuhi niliandika katiba. Waliohudhuria: mimi (mwenyekiti), Mama, Dada, Shemeji, na fundi wetu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Ndiyo kwa sababu hajapata kumkatalia mteja jambo lolote. Mama alikuja na kapu la nguo za kupasi, akisema ana dakika chache. Nikamruhusu.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza: injini ya cc elfu moja na mia tatu, silinda nne, iliyotolewa kwenye kigari cha kusambazia barua. Wa pili: cc elfu tatu, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja kama jeshi, kutoka gari la kifahari la mtu mkubwa aliyeanguka. Hata asili yake ni ya kimapinduzi!

Shemeji alitoa hoja kwa ile ndogo. Alisema gari lenyewe ni jepesi kama kabati tupu, na kulifungia injini ya elfu tatu ni kumvisha kuku viatu vya askari. Akasema anaongea kama mtu wa bima. Nikamwambia hilo tunalisikia.

Kisha nikasimama juu ya tairi la akiba. Nikauliza: je, mwalimu aliyeufundisha umma huu milima na mabara aondoke kazini kwa mlio wa cherehani? Nani katika historia aliwahi kukumbukwa kwa sababu alifikishwa tu? Nikasema injini ndogo ni msamiati wa watu waliozoea kuomba njia. Nikasema silinda sita zikinguruma kwa pamoja ndizo tafsiri halisi ya neno umoja. Sauti yangu ilitetemeka mahali panapostahili.

Mama akauliza kama nimekula.

Dada akapendekeza tutafute ya elfu moja na mia nane, ili kila mtu aridhike. Mrengo wa kati! Ndani ya familia yangu mwenyewe! Nikamkumbusha kwamba hoja mpya huwasilishwa kwa maandishi. Akaniambia nisimletee mambo ya chuo, tena chuo chenyewe kimenifukuza. Kusimamishwa si kufukuzwa. Nimeagiza tofauti hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu.

Tukapiga kura. Mimi, kubwa. Shemeji, ndogo. Dada, ndogo, baada ya mumewe kumtazama. Fundi Ndiyo alinyoosha mkono kwa kubwa, kisha akanyoosha kwa ndogo pia. Nikaikubali kura yake ya kwanza na kuifuta ya pili kwa kukiuka utaratibu. Mama alisema yeye anachagua gereji irudi kuwa stoo, kura imeharibika. Mbili kwa mbili. Kifungu cha mwisho cha katiba kinampa mwenyekiti kura ya turufu. Nikaitumia kwa unyenyekevu.

Shemeji akalalamika kwamba katiba hiyo niliiandika leo asubuhi, mwenyewe, nikinywa chai. Ni kweli. Sioni uhusiano.

Jumatano, 5 Novemba

Ushindi! Elfu Tatu imewasili juu ya mkokoteni. Watu wanne waliisukuma na mmoja aliwatukana. Ni nzito kuliko nilivyotarajia, na ndefu. Ndefu mno.

Kabla hatujaenda yadi nilimuuliza Fundi Ndiyo kama itaingia. Alisema ndiyo, tena itacheza. Mchana huu tumeinyanyua kwa mnyororo, tukaiteremsha taratibu mahali pake, na ikagoma. Mbele inagusa rejeta, nyuma inagusa ule ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya abiria. Boneti haifungiki. Shemeji, aliyekuja eti kusalimia, aliegemea mlango wa gereji na kumuuliza Fundi kama si kweli kwamba haiwezi kuingia. Fundi akasema ndiyo, haiwezi, hata kipofu angeona.

Nikamvuta kando. Nikamuuliza hakupima? Akasema alipima. Alipima nini? Injini. Na nafasi? Akasema nafasi mimi sikumwambia, mimi nilizungumzia umoja.

Kiongozi hupimwa wakati wa dhiki. Nikauliza kama ukuta ule wa bati unaweza kukatwa na injini ikarudishwa nyuma. Ndiyo. Kwa upande wa dereva kuna mhimili wa usukani. Je, injini na giaboksi vinaweza kuegemezwa upande wa pili? Ndiyo. Kukawa na cheche, kelele na moshi wenye harufu ya tangi linaloungua. Kufikia alasiri injini imekaa, boneti imefunga, na mimi nimesimama kifua mbele.

Ndipo Shemeji akauliza kwa upole mkubwa, upole wa kuudhi, kama Mama atapanda pikipiki.

Nikatazama. Mahali pa kiti cha Mama pamejaa giaboksi na matako ya silinda ya sita.

Nimetafakari jambo hili kwa kina. Gari la spoti, kwa falsafa yake, ni chombo cha mtu mmoja na upepo. Kiti cha pili ni masalia ya fikra za ubwanyenye. Hata hivyo umma haujakomaa kuipokea hoja hii, kwa hiyo nimelifunika gari kwa turubai na kukificha kiti chini ya kitanda changu.

Ili Mama asikione, nimejitolea kufagia chumba changu mwenyewe. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku ya njama na hila. Kwanza hila zangu.

Shemeji alitishia kwenda kumwambia Mama. Nikamwita pembeni, nikamwambia kwamba mradi umekua na unahitaji baraza la mawaziri, na kwamba kwa maoni yangu hakuna mtu mwenye utulivu wa kushika Wizara ya Rejeta kama yeye. Akacheka. Akasema mimi ni mgonjwa. Akaondoka. Baada ya muda akarudi, akauliza kama wizara hiyo inahusika pia na mipira ya maji. Nikasema inahusika. Akauliza kama kuna naibu. Sasa upinzani wote umo serikalini, na umeinama chini ya boneti ukikaza vibano ulimi nje. Ndivyo walivyo watu wa bima. Wanauza tahadhari kwa sababu hawajawahi kupewa cheo.

Tatizo jipya: uzito. Pua ya gari imeinamia ardhi kama inatafuta sindano iliyopotea. Matairi ya mbele yanakwaruza madigadi ya faiba. Nikauliza kama mifuko ya saruji kwenye buti italeta usawa. Fundi akasema ndiyo. Tukapakia mifuko. Pua ikainuka. Kila kitu kingine kikashuka. Gari sasa limelala sawasawa, chini kote, na kutoka mbali linaonekana la kisasa zaidi.

Baada ya hapo, jaribio. Fundi akazungusha ufunguo. Ee Mola! Ngurumo! Madirisha ya jikoni yalitetemeka, vifuniko vya sufuria vikaimba, na mzee wa nyumba ya pili, ambaye hasikii sikio la kushoto, alitoka nje kuuliza nani anabisha. Nilikuwa na machozi. Shemeji, Waziri, alikuwa na machozi pia, ingawa yeye alikuwa amesimama karibu na ekzosi.

Injini ikazima yenyewe. Tangi la mafuta, ambalo lilichaguliwa na Baba kwa ajili ya injini ndogo, lilikuwa limekauka. Tulikuwa hatujatoka gerejini.

Mama alikuja mlangoni akifuta mikono. Akauliza kama kelele ile ndiyo ya gari lake. Alisema hivyo: gari langu. Akasema ni kubwa kidogo lakini ataizoea, kwa kuwa amezoea kulala na Baba anayekoroma. Akataka kufunua turubai aone kiti chake kimekaaje, maana alishona mshono wa mgongoni mara mbili, ule wa kwanza ulipinda. Nikasimama mbele yake nikiwa nimefungua mikono. Nikamwambia ni siri hadi kesho, ni heshima yake. Akanitazama. Akasema haya, baba, nakuamini.

Sijui kwa nini sahani yangu ya usiku nimeirudisha jikoni ikiwa imejaa. Nadhani ni moshi.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika haraka, mikono inauma.

Baba alikuja gerejini amevaa suti aliyofungia ndoa, imembana kifungo kimoja tu. Mama nyuma yake, kitambaa kipya, viatu vya kisigino, mkoba chini ya kwapa. Dada alimpaka poda. Tulijipanga: mimi, Waziri wa Rejeta, Fundi Ndiyo. Nikavuta turubai kwa ishara niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

Baba hakuuliza kuhusu injini. Alizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kama anavyozunguka darasani wakati wa mtihani. Akasimama upande wa pili. Akauliza kiti kiko wapi.

Nilikuwa na hotuba. Nilianza nayo. Nilizungumzia mtu na upepo, nikazungumzia mizani ya nguvu na nafasi, nilikuwa nakaribia masalia ya ubwanyenye. Baba akainua kidole kimoja. Nikakaa. Nilikalia kopo la grisi.

Mama alisogea akachungulia. Akauweka mkoba wake juu ya giaboksi, taratibu, kama anayejaribu kama patatosha. Ukateleza ukaanguka. Akauokota, akaufuta vumbi, akasema si neno, watatangulia wenye gari, yeye atawafuata na Dada kwa miguu, kwani si mbali.

Baba akasema hapana. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye hakumwahidi mtu injini, alimwahidi kiti.

Kisha akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akamfungulia Mama mlango wa dereva. Mama akasema ana wazimu, yeye hajui kuendesha hata baiskeli. Baba akamwambia hataendesha, atashika usukani tu, aelekeze mbele. Kuhusu kwenda, gari litakwenda, maana wenye nguvu hawa hapa. Akatutazama sisi.

Tukasukuma.

Natamani kuandika kwamba ilikuwa rahisi. Gari lenyewe ni jepesi kama kabati tupu, Shemeji alisema kweli, lakini ndani yake sasa mna silinda sita za chuma na saruji ya kutosha kujengea choo. Nilipendekeza tuipakue saruji. Tulipotoa mfuko wa kwanza pua ikachimba kokoto. Tukaurudisha. Kuna kilima kidogo kabla ya lango la shule, ambacho maisha yangu yote sikuwahi kukiona kama kilima. Hapo Shemeji alisimama akihema, akasema hizo cc elfu tatu sasa anazijua zote kwa majina. Nikamuuliza Fundi Ndiyo kama tutafika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Mama alikuwa mbele yetu, mgongo umenyooka, mikono miwili kwenye usukani, akitoa amri. Kulia kidogo. Msilale huko nyuma. Nani anakoroma? Baba alitembea kando yake, mkono juu ya mlango, wakiongea mambo yao. Sikusikia walichosema. Mama alicheka mara kadhaa, kicheko cha msichana, kile ambacho sisi watoto hatukijui.

Wanafunzi walituona kutoka madirishani. Wakatoka mbio, walimu wakiwakataza, kisha walimu wenyewe wakatoka. Umma! Umma halisi! Mikono ilijaa nyuma ya gari hadi mimi nikabaki nje, sina pa kushika. Likaingia langoni bila mlio, kama linaelea. Mwalimu mkuu alisahau hotuba yake, akapiga makofi. Mama alikataa kushuka hadi apigwe picha. Kisha akakataa kushuka tu.

Baba alisimama pale kando ya mlango wake, suti imelowa jasho, na watu walitazama. Hata injini ndogo haikuhitajika.

Usiku, kabla ya kulala, alinipitia chumbani. Akakivuta kiti kutoka chini ya kitanda, akakifuta vumbi kwa mkono wa suti. Nikaanza kusema. Akaniambia nilale.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba ametoa tamko, akiwa amesimama, bila akidi, bila mjadala: Elfu Tatu irudi yadi, ndogo ifungwe, ukuta wa bati uungwe, kiti kirudi mahali pake. Mama ameshasema atajifunza kuendesha, na kwamba Baba atakalia kile kiti alichokishona yeye Mama. Baba amekubali mara moja. Huu ndio utawala wa watu wawili ambao kila katiba duniani imejaribu kuuzuia.

Shemeji amejiuzulu uwaziri kwa sababu za kiafya, yaani kiuno. Dada amenitumia hoja yake ya elfu moja na mia nane. Kwa maandishi. Ameipigia mstari.

Nimekaa peke yangu gerejini tangu asubuhi, nikifanya tathmini. Kiongozi wa kweli hujikosoa hadharani, na kwa kuwa hapa hakuna hadhara, nimejikosoa bila huruma. Nilikosea wapi? Jana watu wazima na watoto walilisukuma gari lile kwa furaha. Kwa hiyo umma ulilikubali. Mama alipigwa picha ndani yake. Kwa hiyo familia ililikubali. Lililokataliwa ni jambo moja tu, nafasi ya kiti, na nafasi ni suala la vipimo.

Ndipo nuru iliponishukia. Injini haikuwa kubwa. Gari ndilo fupi!

Chesesi ikikatwa katikati na kuongezwa kipande, Elfu Tatu itakaa kwa raha zake, kiti cha Mama kitarudi, cha Baba kitabaki, na patapatikana hata sehemu ya mkoba. Nimemtuma mtu amwite Fundi, akaja na utepe wa kupimia. Safari hii tumepima gari, tumepima injini, tumepima kila kitu. Hakuna atakayesema sikujifunza. Gari jipya litakuwa refu kuliko gereji kwa hatua mbili za mtu mzima.

Upande wa barabara kuna nguzo ya umeme. Upande wa nyuma kuna ukuta wa matofali, mmoja tu, mwembamba, na ng'ambo yake ni jiko. Nimemuuliza Fundi kama unabomoleka bila kelele nyingi. Amesema ndiyo.

Mama yumo humo, anakatakata vitunguu na kuimba. Tunasubiri atoke.